Wastani Unaficha: Tupeni Orodha, Kijiji kwa Kijiji

Raia wenzetu, vijana wa Walikale, wa Masisi, na ninyi mulioko Goma!

Wengi wetu tulisoma informatiki. Diploma tuko nazo, kazi hakuna. Lakini hesabu tuliyofundishwa haijaoza, na leo tunataka kuitumia.

Chukua programu yenye mafaili 10 na mistari 1.000 ya kodi. Wastani: mistari 100 kwa kila faili. Lakini inawezekana faili moja libebe mistari 910, na yale tisa yabaki na kumi-kumi. Wastani ni uleule! Ndiyo sababu mwaka 2009 Rajesh Vasa na wenzake walichukua kipimo cha Mwitalia Corrado Gini, kilichotoka 1912, kile wanauchumi wanachopimia pengo la tajiri na maskini, wakapima nacho programu za Java na C#. Sufuri maana yake wote wako sawa. Ikikaribia 1, wachache wamebeba karibu vyote. Mfano wetu unatoa 0,81. Kwenye programu walizopima, namba hiyo mara nyingi ilikuwa juu, na ilibaki palepale hata programu ikikua.

Kwa programu si dhambi. Faili dogo halisikii njaa. Kwa watu ni mambo mengine.

Tuangalie Bisie, hapa kwetu, kasiterite inayojulikana dunia nzima. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha, ile watu wanaita redevansi, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 eneo lenye mgodi (kwetu ni sekta ya Wanianga), 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Ni vizuri. Lakini sheria inasema pesa inaingia sanduku gani. Haisemi ilifika kijiji gani. Ukichukua jumla ukaigawa kwa vijiji vyote, utapata wastani mtamu, hata kama madarasa yote yamejengwa sehemu moja.

Na kuna hatari nyingine, ile kila mtu wa informatiki anaiogopa: faili moja likianguka, programu nzima inakwama. Machi 2025, vita vilipokaribia, Bisie ilisimamisha kazi, mpaka Aprili ndipo ikaanza tena. Aliyekuwa anauza muhogo kwa wafanyakazi anajua hizo wiki zilikuwa na urefu gani.

Kwa hiyo tunaomba viongozi wa sekta, wa teritware na wa jimbo: msitusomee jumla tena. Bandikeni orodha ukutani, kila mwaka, kila kijiji: pesa ngapi, madarasa mangapi, vijana wangapi walipewa kazi na wametoka wapi. Kupiga hesabu ya Gini tutafanya wenyewe, kwa simu tu, bila malipo. Muda tuko nao.