Dere, usitoe gia mteremkoni

Kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei ya mafuta, madere wa pikapu huku kwetu Nyeri wanarudia hesabu ileile: ukitoka Karatina na viazi kuteremka Sagana, toa gia, gari ijiendee, eti umesevu dizeli. Kuna hata wanaozima injini. Jameni, hapo hamsevu kitu.

Ukiacha gari ndani ya gia na utoe mguu kwa aksileta, magurudumu ndiyo yanazungusha injini, na mafuta yanakatwa. Ukitoa gia, injini lazima iendelee kuchoma ndio isizime. Yaani umetumia zaidi, na breki zimebaki kushikilia mzigo wote peke yake mpaka zinanuka. Ukizima ndio mbaya kabisa, juu nguvu ya kusaidia breki inatoka kwa injini. Kanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa jiwe, na stelingi nayo inagoma. Mbele yako kuna boda amebeba mama na mtoto.

Dizeli inapotelea kwingine. Tairi zikikosa upepo na umebeba gunia mpaka juu, injini inavuta zaidi. Chujio la hewa likijaa vumbi la Kieni, gari inakosa pumzi. Na ule moshi mweusi ukikanyagia mlimani? Hiyo ni dizeli umelipia, haijaungua vizuri.

Najua dere hupewa pesa ya mafuta, ikibaki ni yake. Wadosi, mwongezeni ya chai, na mpeleke gari kwa fundi.