Shahada ya Ng'ambo Ichaguliwe Kama Mbegu

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, pilikapilika huanza katika nyumba nyingi za Meru na Embu. Mtoto amefaulu, jamaa wanakutana, na mchango unaitishwa. Swali la kwanza kuulizwa huwa hili: ataenda nchi gani? Marekani, Uingereza, Kanada au India? Nchi ikishapatikana hutafutwa chuo, na chuo kikishapatikana ndipo mtu anapokumbuka kuuliza mtoto atasomea nini. Huku ni kuezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Wapo watakaonijibu kwa methali kwamba mchagua jembe si mkulima. Elimu ni elimu, watasema, muhimu ni mtoto kuvuka bahari. Lakini, ndugu msomaji, methali hiyo inataja jembe, haitaji mbegu. Mkulima wa kwetu huichagua mbegu kwa makini sana. Karibu na msitu wa Mlima Kenya hupanda chai, akiteremka kidogo hupanda kahawa, na huko Mbeere ambako mvua ni haba hupanda mtama, ndengu na muguka. Hakuna mwenye akili timamu atakayepeleka miche ya chai Kiritiri ati kwa sababu chai ina sifa London. Mbona basi busara hii tunaiacha shambani tunapochagua shahada?

Mazoea ya kutanguliza nchi yana asili yake. Mnamo Septemba 1959, ndege iliyotayarishwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi Marekani, na wengine wengi wakafuata katika miaka iliyofuatia. Wengine walielekea Moscow, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba. Siku hizo nafasi za kusomea shahada katika Afrika Mashariki zilikuwa chache mno, nyingi zikiwa Makerere. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na viti vya Wazungu maofisini vilikuwa vinangojea watu. Aliyerudi na shahada, iwe ya historia au ya hesabu, alikuta kazi inamsubiri. Wazee wetu hawakukosea kuuliza nchi kwanza, kwa maana wakati wao uliwaruhusu.

Wakati huo umepita. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama chenyewe mwaka 1970. Kuuzunguka mlima wetu, Chuo Kikuu cha Methodisti kilipewa hati mwaka 2006, vya Chuka na Meru mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Shahada ya kwanza katika masomo mengi yaweza kupatikana bila hata kufika Nairobi. Kwa hiyo safari ya ng'ambo sharti iwe na sababu, na sababu hiyo hupatikana kwa maswali matatu.

La kwanza ni kazi. Mtoto anataka kufanya nini, na je, somo hilo halifundishwi vizuri hapa? Mabwawa ya mto Tana, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, yamo katika ardhi ya Embu au mipakani mwake. Barafu ya Mlima Kenya inazidi kupungua. Kahawa na makadamia zetu zinahitaji watu wa kuzisindika na kuziuza kwa faida. Sisemi kila kijana awe mhandisi au bwana shamba. Nasema somo litangulie. Tena si lazima safari iwe ya shahada ya kwanza. Kiraitu Murungi, aliyekuwa gavana wa Meru, alisoma sheria Nairobi kwanza, ndipo akaenda Harvard. Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi, aliyeapishwa kuwa Naibu wa Rais mwaka 2024, alianzia Chuo Kikuu cha Moi ndipo akaenda Pretoria. Wote wawili walivuka mpaka wakijua wanachokifuata.

Swali la pili ni chuo, nalo tusilipime kwa ukubwa wa jina. Jirani yetu wa Nyeri, Wangari Maathai, alisomea biolojia katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu mwaka 1964. Wangapi katika vijiji vyetu walikuwa wamekisikia chuo hicho? Lakini somo lilikuwa lake, na mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Linalopaswa kuulizwa ni kama cheti kitatambuliwa kitakaporudi nyumbani. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ipo, na aulizwe pia msimamizi wa kazi yenyewe: baraza la madaktari, bodi ya wahandisi, Shule ya Sheria ya Kenya. Daktari aliyesoma nje huweza kutakiwa kufanya mtihani wa baraza. Wapo waliosomea sheria nchi jirani, na waliporudi, alama zao za sekondari zikawazuia kuingia Shule ya Sheria, hata wakaishia mahakamani. Swali lililopaswa kuulizwa kabla ya safari likaulizwa baada ya miaka minne.

La tatu ni karo, si ya mwaka wa kwanza tu bali mpaka siku ya kuvaa joho. Wa Igembe wanalijua hili. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwezi wa Juni 2014, nyumba nyingi zilizotegemea soko hilo kwa karo zilitikisika. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, lakini mwanafunzi hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kabla ya kupewa viza. Na mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakilia kwamba fedha walizolipa kupitia kaunti yao kwa ajili ya masomo ya Ufini na Kanada hazikuwafikisha watoto wao walikotarajia. Kabla ya kuuza shamba, mzazi akiandikie chuo mwenyewe, na hesabu ifanywe mpaka mwaka wa mwisho.

Nakubali kwamba ng'ambo humfumbua mtu macho, na kwamba fedha zinazotumwa na Wakenya wa huko zinalisha nyumba nyingi. Lakini hata atakayebaki huko anahitaji kazi yenye cheti. Muuguzi aliyesajiliwa ataweza kutuma fedha nyumbani. Aliyeacha masomo mwaka wa tatu kwa kukosa karo atabeba mizigo ghalani huku akiona haya kurudi kwa majirani waliomchangia.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Mchango si mali ya baba mtu peke yake. Umo ndani yake mjane aliyeuza kuku na mzee aliyetoa malipo yake ya majani chai. Basi kabla viti havijapangwa na mgeni wa heshima hajaalikwa, mtoto aketishwe na kuulizwa anataka kufanya kazi gani. Akishajibu, itafutwe shahada, kisha chuo. Na nchi ije mwisho, hata ikiwa ni Kenya hii hii.