Dhahabu ya Seoul, ajira ya El Paso
Na Mwandishi Wetu, Old Moshi

PAUL Ereng wa Kenya alitwaa dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Alipostaafu akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, chuo alichosoma Suleiman Nyambui wetu. Fedha ya Nyambui na ile ya Filbert Bayi, Moscow 1980, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Marekani, kufundisha riadha chuoni ni kazi yenye mshahara. Hapa, Kilimanjaro Marathon hujaza uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi siku moja kwa mwaka. Kesho yake, vijana wa Old Moshi hupanda milima yao bila kocha.