Kuuza Mboga Bustanini: Shauri kwa Wakulima wa Karagwe na Kyerwa

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa, shauri tunalolitoa hapa ni dogo, lakini lahusu jambo kubwa. Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Januari, shule hufunguliwa na mahitaji ya fedha huzidi katika kila nyumba. Kahawa ingali mbichi mtini, na soko lake halijafunguliwa. Ndipo ajapo mtu mwenye fedha mkononi, akainunua kahawa ikiwa bado maua au punje changa, kwa bei aipendayo yeye. Desturi hiyo mwaijua kwa jina lake: butura. Serikali imeikataza, lakini katazo peke yake halimpi mzazi fedha za madaftari na sare. Maoni yetu ni haya: dawa ya butura ni kuwa na fedha kidogo kila juma, na njia mojawapo ya kuzipata ni bustani ndogo ya mboga ambayo mnunuzi huja kuchuma mwenyewe.

Wengi wenu mwalima mboga tayari. Taabu iko katika kuziuza. Mchicha ukikatwa alfajiri na kupelekwa sokoni kwa pikipiki, nauli hula sehemu ya faida, na jua likipanda majani hunyauka, hata jioni muuzaji hukubali bei yoyote. Mchicha uliobaki ardhini hungoja mpaka kesho bila hasara. Katika Marekani desturi ya wanunuzi kuchuma wenyewe ilienea miaka ya 1930 na 1940, wakati bei za mazao zilipoanguka mno. Sababu iliyowasukuma wakulima wale yafanana na yenu.

Lakini si kila mahali pafaa. Katika vijiji vya ndani kila nyumba ina mboga zake, na jirani akiomba fungu hupewa bure. Hiyo ni desturi njema, wala hatuwashauri kuiacha. Biashara hii ni ya yule akaaye karibu na watu wenye mishahara au maduka wasio na nafasi ya kulima: walimu, wauguzi, wenye maduka na mama lishe. Watu hao wako Kayanga, Omurushaka na Nyakahanga penye hospitali. Na katika Kyerwa wako Nkwenda, Isingiro na Murongo. Ikiwa mnunuzi hawezi kuifikia bustani yako kwa miguu na kurudi kabla ya kupika chakula cha jioni, usianze.

Bustani iwe kando ya njia, wala isiwe ndani ya kibanja. Jambo hili ni la lazima. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana katika mkoa wa Kagera mwaka 2006, na visu na mapanga ni miongoni mwa vitu viuenezavyo. Mgeni apitaye katikati ya migomba akiwa na kisu aweza kukuletea hasara ambayo mboga za miaka mingi hazitailipa. Basi kisu kiwe chako, kikae bustanini, wala kisitumike kukatia migomba.

Anza na kipande cha hatua 20 kwa hatua 20, yaani karibu sehemu ya kumi ya eka. Matuta yawe na upana wa mita 1, na njia kati yake ziwe pana, ili mnunuzi mwenye kikapu asikanyage mimea. Chagua mimea izaayo tena baada ya kuchumwa: sukuma wiki, mchicha, nyanya chungu, bilinganya na pilipili. Karoti na vitunguu ng'oa wewe mwenyewe, kwa maana mgeni hujaribu mizizi mingi ili apate mmoja mnene. Nyanya zifungwe kwenye miti, la sivyo mashina yatavunjika.

Udongo wa Karagwe pengine huwa mchachu na wenye upungufu wa fosforasi. Wataalamu waliofanya majaribio huko, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2016, waliona kwamba mboji iliyotengenezwa vizuri huusaidia. Basi usitupe samadi, majivu wala maganda ya ndizi. Otesha miche mvua za vuli zianzapo, ili bustani iwe imekwisha kuzaa ifikapo Januari. Miezi ya Januari na Februari ina ukame, kwa hiyo funika matuta kwa majani makavu, na maji yawe karibu.

Sasa sikiliza masharti ya kuchuma:

1. Weka siku mbili za juma zijulikanazo, na uwepo mwenyewe.
2. Fungua matuta machache kila siku ya kuchuma. Mengine yafungwe kwa kigingi chenye kitambaa chekundu.
3. Uza kwa kikapu chako, wala si kwa kikapu cha mnunuzi.
4. Bei iwe chini kidogo ya ile ya sokoni, kwa kuwa mnunuzi amefanya kazi ya kuchuma nawe hukulipa nauli.
5. Ukinyunyiza dawa ya wadudu, usimruhusu mtu kuchuma mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zimekwisha. Mnunuzi hakuiona siku uliyonyunyiza. Dhamana ni yako.

Wako watakaosema kwamba watu wataharibu mimea. Ninyi wachumaji wa kahawa mwajua jinsi mtu afundishwavyo kuchuma punje nyekundu na kuiacha ya kijani. Mwonyeshe mgeni mara ya kwanza, naye atajua. Wengine watasema kwamba wanunuzi watataka mkopo. Hilo ni kweli, na wengi wataahidi kulipa mwisho wa mwezi. Kataa kwa upole tangu siku ya kwanza.

Limebaki neno moja. Mara nyingi kahawa ni ya mume, na mboga ni kazi ya mke. Mume akizichukua fedha za mboga kila jioni, mke ataacha kupalilia, na bustani itakufa. Apaliliaye ndiye ashike mfuko. Nao wakubaliane mapema kwamba sehemu ya fedha hizo itawekwa kwa ajili ya Januari. Bustani hii haitakutajirisha, wala haitachukua nafasi ya kahawa. Kazi yake ni kukuwezesha kumjibu mnunuzi wa maua kwamba kahawa yako haijaiva, nawe waweza kungoja.