Fundi wa Maleba Naye ni Mhakiki

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa vipengele vya fani katika tamthilia, hutaja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maleba aghalabu hayatajwi, na yakitajwa huhesabiwa kuwa pambo. Mazoea haya yana mizizi mirefu. Katika Poetics, Aristotle aliorodhesha vijenzi sita vya tanzia, akakiweka mwisho kile kinachoonekana kwa macho, kwa hoja kwamba hicho ni kazi ya fundi wa vifaa vya jukwaani zaidi kuliko ya mtunzi. Makala haya yanashikilia kwamba fundi huyo ni msomaji wa tamthilia, tena mhakiki wake, na kwamba taaluma ya Kiswahili inapoteza mengi kwa kutomsikiliza.

Msimu wa tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo unapowadia, mafundi wa Meru na Embu huletewa kazi isiyo ya kila siku. Cherehani ni ileile inayoshona sare za shule, ila mahitaji ni mengine. Fedha zikiwa chache, fundi huchagua mapazia makuukuu na mitumba ya soko la Gakoromone. Huchemsha gunia pamoja na majani ya chai ili lifanane na ngozi. Huacha pindo pana ili mwakani vazi lipanuliwe kwa mwigizaji mwingine. Vifungo huviweka viwe vyepesi kufunguka, kwani mhusika huenda akatoka jukwaani kijana na kurejea mzee. Naye mpiga ngoma wa Chuka, mji ulio kati ya Meru na Embu, huibana ngoma ndefu mapajani akicheza. Hawezi kukatiwa vazi kama la mwanakwaya. Kabla ya kushika mkasi, fundi sharti ausome mwendo wa mwili.

Husoma pia maana. Chukua mfano wa Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, iliyochapishwa mwaka 2001 na kutahiniwa katika shule za sekondari. Matukio yake yako Butangi, nchi ya kubuni inayotawaliwa na Mtemi Bokono. Fundi akimvisha Bokono ngozi ya chui, hadhira itaona kisa cha kale kisichoihusu. Akimvisha suti na kumpa usinga, hadhira itawaona watawala walioshika hatamu baada ya uhuru. Hakuna neno la mtunzi lililobadilishwa, lakini dhamira imeegemea upande mwingine. Huo si ushonaji tu, ni uhakiki.

Tatizo ni kwamba uhakiki huu hufanywa kwa pupa. Matokeo yake ni yale maleba yanayoitwa ya Kiafrika: sketi ya katani na chokaa usoni, kwa Mmeru, Mwembu, Mmbeere na Mtharaka sawia. Anayevikwa hivyo hana kwao. Lawama si za fundi, ambaye hupewa siku chache na malipo ya mtia viraka. Maarifa yapo. Makumbusho ya Meru yanahifadhi vifaa vya Wameru, na michoro ya Joy Adamson, aliyewachora watu wa Kenya wakiwa wamevalia mavazi yao ya jadi, ingalipo, ingawa yafaa itazamwe kwa tahadhari kwa kuwa ni jicho la mgeni.

Watakuwepo watakaodai kuwa kushona ni taaluma ya vyuo vya ufundi, na kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni maneno. Dai hili lingekuwa na mashiko lau tamthilia ingekuwa riwaya. Tamthilia huandikwa ili itendwe, na hakuna mhusika anayetamka neno lake la kwanza kabla hadhira haijaliona vazi lake.

Yapasa, basi, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Chuka na Embu waende kwenye vibanda vya mafundi kama waendavyo maktabani. Wakusanye majina ya mavazi, mishono na ushanga katika Kimeru na Kiembu, yatajirishe istilahi za Kiswahili. Jina la fundi nalo liandikwe katika ratiba ya onyesho, kando ya lile la mwelekezi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Aliyemvisha mchezaji huyo asiachwe nyuma ya pazia.