Nguvu ya Gari, Moshi wa Nani?
Wenzangu husema kubadili programu ya kompyuta ya injini ni ufundi tu: dizeli zaidi, nguvu zaidi, na gari la mizigo linapanda mlima wa Busanza bila kukoroma. Nakataa. Dizeli ikiizidi hewa haiungui yote. Hugeuka moshi mweusi. Na Kigali, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi tayari. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kutumia programu kudanganya vipimo vya hewa chafu, dunia ikashtuka. Sisi twachafua waziwazi, tena twapongezana. Dereva hupata mwendo; mimi na watoto wa shule tupandao kwa miguu twapata kikohozi. Fundi, anza na filta na nozeli. Nguvu iliyochotwa mapafuni mwa jirani ni wizi.