Lindo Tunalinda Sisi, Ushuru Mnachukua Ninyi

Wakati wa kuibua vipaumbele ukifika, sisi wa vijiji na mitaa ya Simiyu huitwa mkutanoni tuseme tunataka nini. Tunataja maji, zahanati, darasa lililobaki bila bati, kivuko kinachosombwa kila masika. Na hakosekani mtu wa kunyoosha mkono na kusema: wizi. Wizi wa ng'ombe, wizi wa pikipiki, nyumba zinazovunjwa msimu wa pamba. Mtendaji anaandika. Karatasi inapanda kata, inapanda halmashauri, na bajeti ikirudi kusomwa kwetu, darasa limo, zahanati imo, wizi haumo. Tukiuliza tunajibiwa kwamba ulinzi na usalama ni jukumu la kila mwananchi, kwa hiyo tujipange.

Tumeshajipanga. Tulijipanga hata kabla mkoa huu haujamegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, na mapema miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe walikuwa wakiingia zizini kama wanaoingia kwao. Polisi walikuwa wachache na mbali. Wazee wa Usukuma na Unyamwezi wakaunda jeshi la jadi, sungusungu, lililoanzia upande wa Kahama na kusambaa haraka: filimbi, upinde, mishale, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanaume anatoka, kijiji cha jirani kinapokea, hadi nyayo za ng'ombe zipatikane. Baadhi ya wakubwa serikalini waliwatilia shaka, lakini Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria ya mgambo ili wana sungusungu wawe na uwezo wa kukamata. Huo ni mpango wa usalama uliobuniwa na wananchi wenyewe bila semina wala mshauri mwelekezi. Hatuoni haya kuutaja.

Kinachotukera ni kwamba miaka arobaini na ushee baadaye, mpango ni ule ule, na gharama yote bado ni yetu.

Chukua daftari la lindo. Ni kaunta buku la kawaida, jalada limechakaa, limefungwa kwa uzi. Ndani majina yamepangwa kwa zamu, mbele ya kila jina alama ya vema au herufi H, maana yake hayupo. Mwenye H analipa faini. Safu ya mwisho ni ya fedha: nani amelipa, nani anadaiwa, nani ametoa kuku badala ya fedha. Kijana anayelala nje na fimbo na tochi ya simu ndiye huyo huyo anayetakiwa shambani alfajiri wakati wa palizi. Mjane asiye na mtoto wa kiume nyumbani hatoi zamu, basi anatoa fedha. Fundi anayerudi usiku kutoka mnadani kwenye kijiji kingine anatozwa kwa kutokuwepo. Na akijeruhiwa mlinzi, fomu namba tatu ya polisi ataifuata mwenyewe, na matibabu ni juu ya ndugu zake. Hakuna fungu la mlinzi aliyekatwa panga. Tumeuliza mara nyingi, hakuna.

Wanaotuambia tujipange wasome Katiba. Ibara ya 146 inazitaja kazi za serikali za mitaa, na mojawapo ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Imeandikwa wazi, sambamba na kuleta maendeleo. Lakini angalia ngazi zenyewe. Kijijini ipo kamati ya ulinzi na usalama, inakutana chini ya mti na haina hata bajeti ya betri. Wilayani ipo Kamati ya Usalama, mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya, na mambo yake ni ya siri, tunaelewa sababu. Katikati wapo madiwani tuliowapigia kura. Hao ndio wanaopitisha fedha: wana kamati ya fedha, wana kamati ya UKIMWI, wana kamati za elimu, afya na mipango miji. Ya kupanga namna ya kupunguza uhalifu hatujaisikia. Diwani akibanwa mkutanoni anasema hilo ni suala la wilaya. Wilaya inasema ni suala la wananchi na jeshi lao la jadi. Mchezo unaishia kwetu, usiku, na filimbi.

Majirani zetu wa Kenya walikuja kuiga mfumo wa ulinzi wa nyumba kumi kutoka kwetu, wakaitangaza mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate. Lakini kwenye sheria yao ya polisi ya 2011 waliandika pia chombo cha usalama cha kila kaunti, kinachoongozwa na gavana aliyechaguliwa na chenye viti vya wananchi. Utekelezaji wake ulisuasua sana, hatusemi wamefika. Tunasema tu kwamba walikubali kuandika kuwa mtu aliyepigiwa kura anawajibika kwa usalama wa watu wake. Sisi tuliowapa wazo la nyumba kumi hatuna chombo kama hicho.

Tena kinachouma zaidi ni kwamba halmashauri inazishika njia zote anazopita mwizi.

Ng'ombe aliyeibwa Itilima au Meatu haliwi porini. Anatembezwa usiku, anafika mnadani au machinjioni. Mnada ni wa halmashauri. Machinjio ni ya halmashauri. Getini anasimama mkusanya ushuru na mashine yake ya kukatia risiti, na kila ng'ombe anayeuzwa anaacha fedha pale. Wa halali na wa wizi wanalipa sawa, na risiti zinafanana. Kinachotakiwa ni barua ya serikali ya kijiji alikotoka muuzaji na kibali cha afisa mifugo, na sote tunajua barua hizo zinavyopatikana: mhuri upo mfukoni, mtendaji yupo haraka, anayeomba hata hamjui vizuri. Tukienda kutafuta ng'ombe wetu tunaonyeshwa kitabu cha mapato, kimejazwa vizuri sana. Ukiuliza rangi ya ng'ombe, chapa yake na kijiji alikotoka, kurasa hizo ni tupu au mwandiko hausomeki. Mapato wanayajua hadi shilingi ya mwisho, mwenye ng'ombe hawamjui.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Anayepokea ushuru asipokee mpaka barua imethibitishwa kwa simu kwa mwenyekiti wa kijiji husika, na chapa imeandikwa. Orodha ya ng'ombe walioripotiwa kuibwa wiki hiyo ibandikwe getini. Mtendaji aliyesainia ng'ombe wa wizi awajibishwe kama anavyowajibishwa aliyekula makusanyo. Tena wakati ni huu. Tulishauziwa habari za hereni za kielektroniki, tukaambiwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe, wafugaji wakalalamika, zoezi likasimama. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa hapa Bariadi kuzindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Mfugaji akubali hereni, sawa, sisi tunakubali. Lakini hereni isiyosomwa mnadani itabaki pambo sikioni. Nani kati ya madiwani wetu ameuliza kama kila mnada wa mkoa huu utakuwa na kifaa cha kuisoma, na mtu wa kukishika siku ya mnada?

Mjini Bariadi malalamiko yana sura nyingine kidogo. Mji umetanuka tangu uwe makao makuu ya mkoa. Sungusungu inafanya kazi mahali watu wanapojuana. Mwenye nyumba mwenye wapangaji sita huko Malambo au Somanda hajui wawili kati yao wanafanya kazi gani. Ukiacha barabara kuu, giza. Kijana wa bodaboda anapakia abiria saa nne usiku wa kuelekea vijijini bila mtu yeyote kuandika kwamba ameondoka, na tumeshazika vijana wa namna hiyo. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku ya umeme, 1,500 kila mwezi, haikosi. Tunachoomba ni taa kwenye vichochoro na daftari kwenye kijiwe cha bodaboda.

Kuhusu polisi tutasema kwa kifupi. Wakaguzi waliopangiwa kata ni hatua njema, wengine tunawafahamu kwa majina na wanafika kwenye mikutano yetu. Lakini mkaguzi mmoja kwa kata yenye vijiji vinne au vitano, bila pikipiki yake, atafika asubuhi kuandika maelezo tu. Na ile kauli ya kwamba leteni mafuta ya gari tuje, kila mmoja wetu ameisikia au ana ndugu aliyeisikia. Mtu aliyeibiwa anachangishwa ili polisi waje kumhoji. Mkoa huu ulihesabiwa watu 2,140,497 katika sensa ya 2022, kutoka milioni moja na nusu na kidogo mwaka 2012. Idadi hiyo inatumika kupanga madarasa. Itumike kupanga na vituo vya polisi.

Pengo likiachwa, tunalijaza sisi wenyewe, na hapo ndipo tunapoharibu. Hili lazima tuliseme bila kuficha, kwa sababu damu iko mikononi mwetu. Ni sisi tunaoitwa kwenye magazeti wananchi wenye hasira kali. Tumechoma watu ambao hatukuwa na hakika nao. Ni katika vijiji hivi hivi vya Usukuma bibi zetu waliuawa kwa panga wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa samadi na kuni jikoni maisha yao yote. Mpiga ramli anataja jina, na mara nyingine nyuma yake yuko mrithi anayetaka shamba. Sungusungu iliyokamata mwizi jana, leo inaweza kutumwa kumtenga mama mzee, watu wakatazwe kumpa hata moto wa kuwashia jiko. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015, wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa. Marufuku ilitangazwa redioni. Lakini nani kijijini amepewa kazi ya kujua kikongwe yupi anaishi peke yake, shamba lipi lina mgogoro, mlango upi hauna komeo? Huo nao ni mpango wa kupunguza uhalifu, na afisa ustawi wa jamii ameajiriwa na halmashauri ile ile. Kesi ya ardhi ikimalizwa mapema barazani, kuna bibi ataamka salama.

Tuje kwenye kalenda, maana hapo ndipo mpango unapofia. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei. Kuanzia hapo fedha zinaingia majumbani, mizani ya chama cha ushirika, AMCOS, inafanya kazi hadi jioni, na wanaotuwinda wanajua nani kauza kilo ngapi. Halmashauri nayo inapata ushuru wake wa asilimia 3 kutoka kwa mnunuzi. Lakini mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Mei hiyo tunaambiwa kasma zimekauka, tusubiri Julai. Julai tunaambiwa fedha hazijaanza kutoka. Hivyo miezi ambayo halmashauri inavuna zaidi, na sisi tunaibiwa zaidi, ndiyo miezi isiyo na hata lita ya mafuta ya doria.

Madiwani hukaa kupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari. Tunataka kabla ya kikao hicho kila kijiji kiletewe karatasi yenye mstari wa ulinzi na kiasi chake: tochi na makoti ya walinzi, mafuta ya doria ya Mei hadi Agosti, bima ya afya ya wanaolinda, vifaa vya kusoma hereni mnadani. Sehemu ya ushuru wa mifugo na pamba itengwe kwa ajili hiyo. Faini za lindo zisomwe hadharani pamoja na mapato mengine, zetu na zao, kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Tuliwachagua wenyeviti Novemba 2024, wakatuambia kero yetu namba moja ni yao pia. Daftari la lindo tutawapelekea, waone wenyewe ni nani ameandikiwa H.